Bosi Mkubwa Akichafua, Barua Yako Inaishia Meza ya Nani?

Juni 2025 ilikuwa na habari mbili ambazo watu wa fedha walizishangilia bila kuzitafakari sana. Tarehe 3 benki kuu ya Marekani iliifungulia Wells Fargo kufuli iliyofungwa tangu Februari 2018, ule ukomo wa kutokuzidisha mali ya dola trilioni 1.95, na benki ikafurahi mpaka ikatangaza kumpa kila mfanyakazi wake wa muda wote dola 2,000. Siku kumi baadaye FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, ikaitoa Tanzania kwenye orodha ya kijivu, ile ya nchi zenye mapungufu ya kuzuia fedha hizo, tuliyoingizwa Oktoba 2022. Tafsiri niliyoisikia kwa habari zote mbili ni ileile, kwamba fimbo imefanya kazi, taasisi zimejirekebisha, ukurasa umefungwa, tuendelee. Na mwanzoni mwa mwaka huohuo majirani zetu Kenya walikuwa wamesoma ripoti ya kampuni ya ukaguzi ya PwC kuhusu KUSCCO, umoja wa saccos, shilingi za kwao bilioni 13.3 hazionekani na kwenye hesabu kuna saini ya mkaguzi ambaye alishafariki. Hapo swali la watu lilikuwa moja tu: hivi wafanyakazi walikuwa wapi miaka yote hiyo?

Mimi naona hilo swali limekaa vibaya, na ile furaha ya Juni nayo imekaa vibaya kwa sababu ileile. Tunachukulia kwamba uongozi wa juu ukioza, tatizo ni uoga wa walio chini, na dawa ni kuwapa ujasiri walio chini na kuitandika faini taasisi. Lakini ukizifuatilia hizi kesi moja moja, utakuta mara nyingi walio chini walishaona na wengine walishasema, tena mapema sana. Kinachoamua kama benki itapona au itakufa ni kitu kingine kabisa, hakina hata mvuto wa kuandikia makala: barua ya mfanyakazi inaishia kwenye meza ya nani, na huyo mwenye meza bonasi yake anapangiwa na nani. Basi. Mengine yote tunayoyapigia kelele, semina za maadili, mabango ya "integriti" kwenye lifti, namba ya simu ya siri, ni mapambo mpaka hilo lijibiwe.

Tuanze na Wells Fargo manake ndo inayotafsiriwa vibaya zaidi. Septemba 2016 benki ilikubali kulipa faini ya dola milioni 185 kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanafungua akaunti na kadi kwa majina ya wateja bila wateja kujua, hesabu ya kwanza ilisema zinafika karibu milioni mbili, mwaka uliofuata ikapanda mpaka milioni tatu na nusu. Chanzo kilikuwa tageti. Mkurugenzi mtendaji John Stumpf alikuwa na msemo wake kwamba kila mteja awe na bidhaa nane za benki, na sababu ya nane kuwa nane haikuwa utafiti wowote wa maana, kwa Kiingereza inapatana vizuri na neno la "safi sana". Tageti ikishuka kutoka juu mpaka kwa msichana wa kaunta tawi la pembeni, yeye hana wa kumshushia, atafungua akaunti za hewa. Benki ilipobanwa ikajitetea kwamba imefukuza watu 5,300 ndani ya miaka mitano, kwa hiyo ilikuwa inasafisha nyumba yenyewe.

Hiyo hoja ya wabaya wachache ndo dhaifu kuliko zote na inashangaza bado inatumika, mpaka huku kwetu. Watu 5,300 sio wachache, huo ni mji. Watu wa kiasi hicho wakifanya kosa la aina moja, matawi tofauti, mameneja tofauti, kwa miaka mitano, huwezi kusema waliambukizana tabia mbaya mtaani, walikuwa wanatekeleza mpango wa biashara. Halafu angalia nani alijua nini. Bodi ya benki ilifanya uchunguzi wake na ripoti ikatoka Aprili 2017, na mle ndani kuna mambo mawili ambayo kwangu mimi yana uzito kuliko faini zote. La kwanza, maafisa wa vihatarishi wa kitengo kile cha rejareja walikuwa wanaripoti kwa mkuu wa kitengo hichohicho, mama Carrie Tolstedt, yani anayekagua tageti analipwa na kupimwa na mwenye tageti. La pili, mwaka 2015 bodi iliambiwa waliofukuzwa ni kama 230 tu, hiyo 5,300 wajumbe waliijua kutoka kwenye makubaliano ya faini mwaka uliofuata, sawa na msomaji wa gazeti. Kesi ya nyani ilikuwa kwa ngedere.

Na simu ya siri ilikuwepo. Hapa ndo watu wa rasilimali watu wananyamaza ukiwaambia. Kulikuwa na namba ya maadili, ina utaratibu wake, kila mfanyakazi anafundishwa kuitumia. Mwaka 2017 idara ya kazi ya Marekani kupitia OSHA iliamuru benki imrudishe kazini meneja mmoja wa Los Angeles na imlipe kama dola milioni 5.4, kwa sababu aliripoti kwa wakubwa zake na akapiga hiyo simu kuhusu alichoona ni udanganyifu, akafukuzwa mwaka 2010. Soma tena huo mwaka. 2010, miaka sita kabla dunia haijajua. Kwa hiyo wafanyakazi walikuwa wapi? Walikuwa kwenye simu. Simu ilipokelewa, taarifa ikazunguka, ikarudi kama barua ya kuachishwa kazi.

Walioadhibiwa juu, ukweli waliadhibiwa, ila angalia ratiba. Stumpf aliachia ngazi Oktoba 2016, kati ya alichosamehe mwenyewe na alichonyang'anywa na bodi ni kama dola milioni 69, Januari 2020 akapigwa faini yake binafsi ya milioni 17.5 na kufungiwa kufanya kazi benki maisha yake yote. Tolstedt alikubali kosa la jinai mwaka 2023, la kuzuia ukaguzi wa benki, akapewa miaka mitatu ya uangalizi na sehemu ya kukaa nyumbani, hakwenda jela. Na benki ikalipa dola bilioni 3 Februari 2020 kumalizana na serikali. Mimi siwezi kusema hizo ni adhabu ndogo, kwa viwango vya kwetu hizo ni ndoto kabisa. Lakini zote zimekuja baada. Hakuna hata moja iliyokuwa inamsaidia yule meneja wa 2010 asubuhi aliyoshika simu. Kwa hiyo mtu akiniambia kufunguliwa kwa kufuli Juni 2025 ni ushahidi kwamba mfumo unafanya kazi namuuliza, mfumo upi, ule wa kuadhibu au ule wa kusikia? Manake hivyo ni vitu viwili.

Sasa njoo nyumbani, kwa sababu tuna mfano wetu ambao naona tunaukumbuka kwa upande mmoja tu. Kati ya 2012 na 2013 serikali ya Tanzania ilikuwa inatafuta mkopo wa dola milioni 600 nje. Stanbic Tanzania na dada yake wa London, Standard Bank, walikuwa ndo wapangaji. Ada ya mwanzo iliyozungumzwa ilikuwa asilimia 1.4, baadaye ikawa 2.4, na ile asilimia moja ya nyongeza ikaenda kwa kampuni ya hapa inaitwa EGMA, ambayo mwenyekiti wake alikuwa ndo kamishna mkuu wa TRA wa wakati huo. Asilimia moja ya milioni 600 ni dola milioni sita. Mkopo ukapatikana, hela ya EGMA ikaingia kwenye akaunti iliyofunguliwa Stanbic hapahapa Dar, na ndani ya siku kama kumi za mwezi Machi 2013 dola milioni 5.2 zikatolewa keshi. Sio kuhamishwa, keshi. Sisi wengi hiyo kesi tunaikumbuka kwa majina ya wakubwa na picha za Kisutu, kesi iliyoanza 2016 ikaja kuishia 2020 kwa washtakiwa kukiri kwa makubaliano na DPP.

Tunachosahau ni nani aliyeifungua. Haikufunguliwa na TAKUKURU, wala Bunge, wala gazeti. Waliopaza sauti ni wafanyakazi wa Stanbic wenyewe, walioona zile hela zinavyotoka wakashtuka, na taarifa ikapanda mpaka makao makuu ya kundi Johannesburg. Wakati huo dili lilisukumwa na watu wa juu kabisa wa benki ya hapa, kwa hiyo hao wafanyakazi walikuwa wanagusa moto. Kuanzia pale mambo yalikwenda kasi ambayo hata leo inanishangaza: utoaji wa mwisho ulikuwa mwishoni mwa Machi, katikati ya Aprili mawakili wa benki walishawasiliana na mamlaka za Uingereza, na tarehe 24 Aprili 2013 benki ikajiripoti yenyewe kwa SFO, ofisi ya Uingereza inayoshughulika na udanganyifu mkubwa. Chini ya mwezi. Tarehe 30 Novemba 2015 jaji Leveson akapitisha makubaliano ya kuahirisha mashtaka kwa masharti, ya kwanza ya aina hiyo katika historia ya Uingereza, benki ikalipa jumla ya dola milioni 32.2, ndani yake kuna milioni sita pamoja na riba zilizorudi kwa serikali ya Tanzania, na faini ikapunguzwa kwa theluthi moja, na jaji akaweka wazi kwamba kuwahi kujiripoti kumewasaidia sana.

Kwa nini barua ya Dar ilifika na ya Los Angeles ikarudi? Sidhani kama tabia ya watu ndo jibu. Sioni sababu ya kuamini kwamba Watanzania wa kaunta ni mashujaa kuliko Wamarekani. Naona tofauti mbili. Kwanza, lilikuwepo sikio ambalo bosi wa Dar halimudu. Yule wa Johannesburg bonasi yake haitegemei kama Stanbic Tanzania imeshinda dili la serikali, na ana la kupoteza kubwa zaidi ikija kugundulika alijua akanyamaza. Pili, na hili ni la kiutendaji zaidi, kilichoripotiwa ni muamala. Kilichowashtua watu ni keshi nyingi kutoka haraka kwenye akaunti mpya. Hakuna haja ya kuthibitisha kwamba bosi ni mwizi wala nia ya mtu ni ipi, muamala una tarehe, una kiasi, una saini, unajitetea wenyewe. Ukiandika "mkurugenzi wetu ni fisadi" umeanzisha ugomvi wa mtu na mtu na kwenye huo ugomvi mwenye cheo ndo atashinda. Ukiandika "akaunti fulani, tarehe fulani, kiasi hiki, utaratibu unataka hiki na hakijafanyika" umempa msomaji kazi ya kufanya na hana pa kujificha.

Kuna atakayesema, na ana haki, kwamba wale wakubwa wa Johannesburg na London hawakufanya kwa upendo wa Tanzania, walikuwa wanajiokoa. Ni kweli. Mimi hilo halinisumbui hata kidogo. Mfumo unaosubiri watu wenye roho nzuri utasubiri sana. Unachotaka ni mahali ambapo kusema ukweli kuna faida kwa anayeupokea kuliko kuuficha, na kwa siku zile chache za Aprili 2013 hali ilikuwa hivyo, na ndo maana hela zilirudi.

Ukitaka kuona kinachotokea pasipokuwa na sikio kabisa, nenda Nairobi, Imperial Bank. Mkurugenzi mkuu wa kundi, Abdulmalek Janmohamed, alifariki Septemba 2015. Oktoba 13 benki iko chini ya usimamizi wa mamlaka. Ndani ya huo mwezi mmoja wasaidizi walikuwa wamekwenda kuiambia bodi mambo ambayo kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya, CBK, yalikuwa yameendelea zaidi ya muongo, mikopo nje ya vitabu, shimo la kama KSh bilioni 34. Na kituko chenyewe, siku ileile iliyofungwa ndo siku hatifungani yake ya KSh bilioni 2 ilikuwa ianze kuuzwa soko la hisa la Nairobi, wakubwa wa usimamizi wote walishaipitisha. Yani kilichofungua mdomo wa benki nzima ni kifo cha mtu mmoja. Angeishi miaka mitano zaidi nadhani ni miaka mitano zaidi ya kimya. Wenye hisa wakaja kurushiana lawama na CBK mahakamani, benki yenyewe ikapelekwa ufilisi mwishoni mwa 2021, na wenye amana kubwa wanajua wenyewe walichopata.

Watu wakisoma hiyo wanasema ooh, waoga wakubwa hao wasaidizi. Pengine. Lakini jiulize wangempelekea nani. Bodi ilikuwa inapata taarifa kupitia yeye. Wakaguzi wa nje wanapewa mafaili na yeye. Benki kuu ikija kukagua inakaribishwa na yeye. Mtu mmoja amekaa katikati ya kila njia ya kutokea.

Hapa lazima nimtaje David Munyakei, manake ukianza mazungumzo haya na Mkenya yeyote aliyewahi kufanya kazi benki jina hilo litakuja, na linakuja kama onyo. Alikuwa karani kijana Benki Kuu ya Kenya, kitengo kinachoshughulika na malipo ya wasafirishaji bidhaa nje, akaona karatasi za kampuni ya Goldenberg, dhahabu ambayo Kenya haina kwa kiasi hicho inalipiwa fidia kama imesafirishwa. Aliuliza ndani, hakuna aliyetaka kusikia, mwisho karatasi zikawafikia wabunge wa upinzani. Akakamatwa 1993, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali, kesi ikaanguka, kazi hakurudishiwa. Akaja kutoa ushahidi mbele ya tume ya jaji Bosire iliyochunguza kashfa hiyo miaka kumi baadaye, akapewa tuzo, na mwaka 2006 akafariki bado kijana na hana kitu. Hii ndo hoja ya nguvu ya upande wa pili na siwezi kuipuuza: ukisema utaishia kama Munyakei, watoto wako watakula hiyo tuzo?

Na wanaosema hivyo wana ushahidi mwingine wa kila siku ambao hauandikwi magazetini. Ukifanya kazi benki una mkopo wa staff, wa nyumba au wa gari, riba yake ni ya chini kuliko anayopata mteja wa kawaida. Siku ukiondoka, kwa kufukuzwa au kwa hiari, sehemu nyingi riba inapanda kuwa ya soko, au unatakiwa ulipe salio, na mafao yako yanakatwa kwanza. Kiwanja chako cha Goba kimeshikwa na mwajiri unayetaka kumripoti. Ongeza kwamba benki ni kijiji, ukifukuzwa kwa "utovu wa nidhamu" mtu wa HR wa benki ya pili anampigia wa kwanza kabla hujakaa kwenye usaili. Wamarekani nao walikuwa na yao, waliofukuzwa Wells Fargo walikuwa wanaandikiwa sababu kwenye fomu rasmi inayosomwa na kila mwajiri wa sekta, mpaka maseneta wakahoji. Kwa hiyo kimya cha watu wengi sio uoga, ni hesabu. Na hesabu imekaa sawa, kwa masharti yaliyopo.

Ninapotofautiana nao ni kwenye hitimisho. Kama kimya ni hesabu, badilisha namba na jibu litabadilika, huna haja ya kuhubiri. Munyakei hakuangushwa na kusema, aliangushwa na kwamba taasisi nzima aliyokuwemo ilikuwa upande wa pili wa dili, mpaka mlango pekee uliobaki ukawa wanasiasa, na kupita mlango huo ilikuwa jinai. Leo milango ipo zaidi kidogo, japo imelegea. Uganda walipitisha sheria ya kulinda watoa taarifa 2010 na ndani yake kuna asilimia tano ya kitakachookolewa. Sisi tuna ya 2015. Kenya wamekaa miaka na miswada inayoletwa na kufa, ingawa sheria yao ya hongo ya 2016 inamtaka mwenye madaraka aripoti hongo ndani ya saa 24. Marekani baada ya 2010 mtoa taarifa wa soko la mitaji anaweza kulipwa kati ya asilimia 10 na 30 ya adhabu inayozidi dola milioni moja, na hapo hesabu ya mtu inabadilika kweli. Na kitengo cha udhibiti wa fedha haramu, FIU kwetu, FRC kwa Kenya, kinapokea taarifa za miamala ya kutiliwa shaka na sheria inakataza kumtonya mteja. Hapo ndo furaha ya orodha ya kijivu inanitatiza. Tumesifiwa kwa kuwa na huo mfereji, vizuri, lakini sehemu nyingi anayejaza hiyo fomu ndani ya benki ni afisa aliyeteuliwa na mkurugenzi, na anapimwa na mkurugenzi, kwa hiyo mteja wa mkurugenzi akiingia mlangoni mfereji unaziba. Sijaona kama FATF ilipima hilo.

Kwa mtu aliyeko ndani leo, ambaye anasoma hii akiwa na faili lililomchafukia mezani, sina ushujaa wa kumwambia alipue. Ushauri wa "acha kazi kama una maadili" ni wa watu wasio na mkopo, na pia unaiacha benki na waliobaki. Ila kuna vitu vidogo ambavyo watu wazoefu wanavifanya na vinafanya kazi. Maagizo ya mdomo yanageuzwa kuwa maandishi kwa heshima zote, "sawa mkuu, naomba unitumie kwenye imeili ili niambatanishe kwenye faili", na utashangaa maagizo mangapi yanakufa hapohapo kwa sababu bosi hataki kuandika alichosema. Usisaini kitu cha mtu mwingine, hata kwa kumsaidia, hata akiwa safarini, maana siku ya kufukuza watu 5,300 wanaanza na wenye saini. Andika kumbukumbu yako na tarehe. Usitume taarifa za mteja WhatsApp wala kumpa mwandishi, hiyo ni siri ya benki na ndo watakayokukamatia, peleka kwa chombo kinachotajwa na sheria. Na ripoti muamala. Fitina za ofisini zipo, majungu yapo, wako watu wanaotumia barua za siri kumtoa mtu kwenye kiti, hiyo hofu ya mabosi sio ya uongo yote, na dawa yake ni hiyohiyo, barua yenye muamala inakaguliwa kwa dakika kumi ikijulikana ni majungu au la.

Lakini mzigo mkubwa sio wa huyo. Ni wa bodi na msimamizi. Kwenye karatasi mkaguzi wa ndani anaripoti kwa kamati ya ukaguzi ya bodi. Kwenye maisha, sehemu nyingi likizo yake, bajeti yake na tathmini yake ya mwaka inapita kwa mkurugenzi, na mwenyekiti wa kamati anakutana naye mara nne kwa mwaka mkurugenzi akiwa amekaa palepale. Mkaguzi wa BoT, benki kuu yetu, akiingia benki asiulize kama kuna sera ya watoa taarifa, ipo, wameipakua mahali. Aulize malalamiko dhidi ya watu watatu wa juu mwaka jana yalikuwa mangapi na nani aliyafungua. Jibu likiwa sifuri kwa miaka mitano mfululizo, hiyo benki ina malaika au ina tatizo, na mimi ningeanza kuchimba kwenye tatizo. Aombe pia orodha ya waliofukuzwa kwa kosa la aina moja. Wells Fargo ilikuwa imejiandika yote kwenye hiyo orodha, miaka kabla, hakuna aliyekuwa anaisoma kwa jicho hilo.

Na saccos na kampuni ndogo za mikopo zina hali mbaya zaidi, manake hazina Johannesburg. Hakuna kundi la juu, bodi ni majirani, meneja ndo anayewaandalia wajumbe posho. Yaliyotokea KUSCCO yatatokea tena pale ambapo mhasibu hana mtu wa nje hata mmoja mwenye wajibu wa kusoma barua yake. Angalau kila tume ya ushirika ingekuwa na dawati linalopokea taarifa moja kwa moja kutoka kwa mfanyakazi wa sacco na kutoa namba ya kumbukumbu, ili baadaye asiwepo wa kusema haikufika.

Kuna jambo moja ambalo lingegharimu kidogo sana na sijasikia likijadiliwa. BoT inaweza kuelekeza kwamba mfanyakazi aliyepeleka taarifa kwa mamlaka, kwa muamala unaotajwa na wenye tarehe, riba ya mkopo wake wa staff isipande kwa miaka miwili hata akiachishwa kazi, na dhamana yake isiguswe mpaka taarifa ifungwe. Mabenki yatalalamika kwamba watu watakimbilia kuripoti siku wakisikia wanafukuzwa. Wachache watafanya hivyo, ndiyo, na taarifa zao zitakaguliwa na kutupwa. Tofauti ya riba kwa mikopo michache ya nyumba kwa miaka miwili ni hela ambayo benki yoyote ya kati inaipoteza kwenye chai za vikao, na upande wa pili wa mizani kuna bilioni 34 za Imperial.